Tairi ya meno au ya lami kwa bodaboda wa Mtwara?

Ukibeba korosho kutoka mashamba ya Tandahimba au Newala, tairi ya meno makubwa ni mkombozi: mchanga haukumezi, gurudumu linachimba na kusonga. Ila ukishapanda lami ya kwenda Masasi, mambo yanageuka. Kinachogusa barabara ni vichwa vya yale meno tu. Ukilala kwenye kona yanapinda, unahisi pikipiki inaogelea. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, maana vumbi na oili vinakuwa utelezi kabla havijaoshwa.

Tairi ya lami hugusa barabara kwa upana, na mifereji yake inatoa maji, hivyo breki inashika mapema. Mchangani itayumba, ni kweli, lakini huko unakwenda polepole.

Mimi nimefunga ya lami mbele na nyuma. Abiria wangu wengi ni wa mjini, na kuteleza lami huku lori liko nyuma yako ni kifo.

Kabla hujalipa, soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi zinazoonyesha lini ilitengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka mingi dukani mpira wake umekauka, hata kama haijawahi kugusa barabara.