Munich na makasri ya Bavaria wakati wa baridi: lala Füssen, usiende na kurudi siku moja

Neuschwanstein, lile kasri jeupe la Mfalme Ludwig II lililokaa juu ya jabali katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wakati wa kiangazi huweza kupitisha watu 6,000 kwa siku. Kundi moja halijamaliza chumba, jingine liko mlangoni, na mtoto wa miaka saba huambulia kuona migongo ya watu. Kuanzia katikati ya Januari hadi Machi, na kwa sehemu kubwa ya Novemba, hali ni nyingine kabisa, na hiyo ndiyo miezi tunayoipendekeza kwa familia. Sharti ni moja: msifanye kama wengi wanavyofanya, kutoka Munich asubuhi na kurudi jioni ileile. Wakati wa baridi mwanga hautoshi.

Piga hesabu mwenyewe. Tiketi ya treni inayofaa familia ni Bayern-Ticket. Ni ya siku nzima, inachukua mtu mmoja hadi watano, inakubalika kwenye treni zote za mikoa (si zile za masafa marefu, ICE wala IC), na inalipia hata basi la kutoka stesheni ya Füssen, mji mdogo ulio karibu na kasri, hadi Hohenschwangau, kijiji kilicho chini ya kasri. Watoto ambao hawajafikisha miaka 15 husafiri bure na wazazi wao. Kasoro yake ni kwamba Jumatatu hadi Ijumaa huanza kutumika saa tatu kamili asubuhi. Treni ni kama saa mbili, na baadhi ya safari mnabadilisha treni Buchloe. Basi namba 73 au 78 ni dakika kumi. Kutoka kijijini kupanda hadi kasri kwa miguu ni dakika 40 za mtu mzima. Kwa watoto wadogo weka saa nzima. Hata kila kitu kikienda sawa, mtakuwa mlangoni saa saba mchana na ushei. Desemba jua linazama karibu saa kumi na nusu. Ziara ikiisha, kilichobaki ni kushuka gizani na watoto waliochoka. Wikiendi tiketi inatumika tangu usiku wa manane, kwa hiyo mnaweza kuwahi, lakini siku hizo nusu ya Munich nayo iko njiani.

Ndiyo maana usiku mmoja Füssen, bora miwili, unabadilisha safari nzima. Mnaingia mchana, mnatembea mji wa zamani bila haraka, na kesho yake mnaingia kasri na makundi ya kwanza. Anayelala Füssen hutozwa kodi ndogo ya mgeni, na kwa kodi hiyo anapewa FüssenCard inayofanya mabasi ya eneo hilo yawe bure. Msipopewa mapokezi, idaini. Tahadhari ya Novemba: nyumba nyingi ndogo za wageni hufungwa ili wenyewe wapumzike, kwa hiyo wekeni nafasi mapema hata kama mji ni mtupu.

Tarehe nazo zina mtego. Krismasi hadi Januari 6 si msimu wa wageni wachache hata kidogo. Wiki yenye Novemba mosi na wiki ya kanivali, Februari au mwanzo wa Machi, shule za Bavaria zimefungwa, na foleni zinarudi kama za Agosti. Kasri lenyewe halifunguliwi Desemba 24, 25 na 31 wala Januari mosi.

Kuanzia Oktoba 16 hadi mwisho wa Machi, Neuschwanstein hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Nunueni tiketi mtandaoni, maana zinazouzwa siku hiyohiyo kijijini ni chache. Kila tiketi ina dakika yake, na geti halimsubiri mtu, ukichelewa, imekwenda. Hapa kuna kosa la sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: 10:00 kwenye tiketi ni saa nne asubuhi, na 14:25 ni saa nane na dakika 25 mchana. Iandike kwa saa zetu pembeni ya tiketi mkiwa bado nyumbani. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, lakini bure si sawa na bila tiketi. Kila mtoto lazima awekewe nafasi yake katika kundi lilelile la wazazi, kwa ada ndogo ya kuweka nafasi. Mzazi anayejiwekea mwenyewe tu hukuta kundi limejaa na mtoto hana nafasi.

Gari la mtoto haliingii, wala begi kubwa la mgongoni, wala kibebeo cha mgongoni chenye fremu. Ndani ni ngazi tupu, zaidi ya 160 kupanda na zaidi ya hizo kushuka. Kwa mtoto mchanga, mbeleko ya kitambaa au kanga, akiwa amefungwa kifuani, inashinda vifaa vyote vya dukani. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi.

Ziara yenyewe ni kama nusu saa tu, na wengi hutoka wakisema ni fupi mno. Wana haki. Kati ya vyumba zaidi ya 200 vilivyopangwa, vilivyokamilika ni kama 15. Ujenzi ulianza 1869, mfalme akafa Juni 1886, na wiki chache baadaye kasri alilojijengea ili awe peke yake likafunguliwa kwa watu wote. Watoto waambiwe mapema kwamba hapa hapakupiganwa vita: hakuna mizinga wala gereza. Badala yake wape vitu vya kutafuta. Kwenye ukumbi wa kiti cha enzi, kiti chenyewe hakipo, hakikuwahi kutengenezwa. Katika chumba cha kulala, maji ya kunawa yalitoka kwenye mdomo wa bata maji wa fedha. Kati ya sebule na chumba cha kazi kuna pango bandia dogo ambalo watoto hawasahau.

Ziara ikiisha, msikimbilie mlango wa kutokea. Jiko lipo chini, mnaliangalia kwa muda wenu, na kwa maoni yetu ndicho chumba bora kuliko vyote kwa familia. Simama mbele ya jiko la kuchomea nyama na umweleze mtoto. Hewa ya moto inapopanda kwenye dohani inazungusha feni iliyomo ndani, na feni inazungusha vyuma vilivyochomekwa nyama. Moto ukiwa mkali, nyama inazunguka haraka. Moto ukipungua, nayo inapunguza mwendo. Kwa hiyo haikuungua, na hapakuhitajika mtu wa kuigeuza. Jikoni humo maji ya moto yalitoka bombani, miaka ya 1880.

Sasa daraja. Picha inayojulikana ya kasri hupigwa kutoka Marienbrücke, daraja la chuma lililo juu ya korongo la Pöllat, kama mita 90 kutoka chini. Barafu ikishika, linafungwa, na linaweza kubaki hivyo kwa wiki nyingi. Basi dogo linalopanda upande huo nalo halifanyi kazi kukiwa na theluji au barafu. Wapo wanaoruka uzio. Usifanye hivyo na mtoto, mbao zenye barafu hazina mshiko. Picha nzuri ipo pia chini, kwenye barabara ya kuelekea kanisa la St. Coloman huko Schwangau, ambako kasri na milima huonekana pamoja. Mkokoteni wa farasi hupanda kutoka kijijini, lakini haufiki mlangoni. Mnashuka na kumalizia kilima kwa miguu. Beba fedha taslimu, na usitegemee mkokoteni kama dakika zimebaki chache.

Kasri la njano lililo chini, Hohenschwangau, wengi hulipita. Tiketi yake ni tofauti, na kwa watoto lina faida moja kubwa: watu waliishi humo kweli. Ludwig alikulia hapo. Dari ya chumba cha kulala imechorwa anga la usiku lenye nyota zilizowashwa kwa taa kutoka juu, na kuna darubini aliyotumia kuangalia mafundi wakijenga kasri lake ng'ambo. Mkiwa na nguvu ya kasri moja tu na watoto hawajafika miaka sita, tungechagua hili.

Nguo huamua kama mtafurahi au mtarudi hotelini saa sita mchana. Kinachoharibu siku mara nyingi ni miguu, si kichwa: raba za kawaida zinateleza, na soksi za pamba zikilowa hazikauki. Nunua soksi za sufu na viatu vyenye soli ya meno, viwe na nafasi ya kidole kimoja mbele, kwa sababu kiatu kinachobana hukatisha damu na mguu unapoa. Makoti mazito msiyanunue Ulaya kabla ya kupita Gikomba (Nairobi) au Karume (Dar es Salaam); kwenye mitumba yapo mazuri kwa bei ndogo sana. Vuta zipu mara tatu, bonyeza mishono uone kama manyoya yanatoka, na nusa ndani ya kofia.

Munich siku tatu zinatosha. Deutsches Museum, makumbusho ya sayansi na teknolojia, peke yake ni siku nzima ya mvua. Saa ya sanamu zinazocheza pale Marienplatz, uwanja wa katikati ya mji, nje ya msimu huchezwa saa tano asubuhi na saa sita mchana. Ile ya saa kumi na moja jioni ni ya Machi hadi Oktoba. Jumapili maduka yamefungwa, na Jumamosi hufungwa saa mbili usiku, kwa hiyo maziwa na mkate nunueni mapema, la sivyo mtatafuta duka la stesheni kuu. Chakula halali kiko tele Goethestraße na Landwehrstraße, kusini mwa stesheni hiyo. Kwenye migahawa ya Kijerumani, Käsespätzle, tambi nene za mayai zenye jibini na vitunguu vya kukaanga, huwapendeza watoto. Uliza tu kama wameweka Speck, maana hiyo ni nguruwe.

Kwa wanaotoka Afrika Mashariki: tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen (ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya hapo bure. Aliyetimiza 12 analipa kama mkubwa. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msisubiri siku 15 za mwisho.

Ludwig alijenga makasri mengine mawili. Linderhof bila gari wakati wa baridi liacheni. Herrenchiemsee, kisiwani, linafikika mwaka mzima kwa boti kutoka Prien, na njia yake haina mlima. Na kwa mtoto anayelilia ngome ya kweli, ipo Burghausen, karibu saa mbili kutoka Munich kwa kubadilisha treni Mühldorf. Ina urefu wa mita 1,051, ngome ndefu kuliko zote duniani, na viwanja vyake sita mnapita bila kiingilio. Ingieni upande wa mji mpya, mvuke geti moja baada ya jingine hadi ncha ya mwisho. Chini yake mtauona mto Salzach, na ng'ambo ya daraja ni Austria, kwa hiyo pasipoti ziwe mfukoni.