Kamera ndogo kwa watoto wasiotulia: ipi ununue ukiwa Moshi

Mwanangu wa pili ana miaka minne na hatembei, anakimbia. Nina picha zake nyingi za nyumbani Soweto, hapa Moshi, ambazo zimeambulia kisigino kimoja au pindo la kaptula. Kamera niliyokuwa nayo ilikuwa na zumu kubwa ajabu, ungedhani unaigusa theluji ya Kibo. Lakini ukibonyeza, ilisita kwanza. Ikija kupiga, mtoto keshafika kwenye migomba.

Kwa hiyo achana na megapikseli. Uliza mambo mawili: inafokasi (yaani inalenga mtoto na kumweka wazi) upesi kiasi gani, na lenzi yake inaingiza mwanga kiasi gani? Mtoto anayekimbia anataka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde hivi. Ukishuka hadi 1/60 anageuka kivuli. Kasi hiyo inakula mwanga, na wakati wa masika mawingu ya mlimani yakishuka, hata barazani mwanga ni mdogo. Namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inapitisha mwanga mwingi: ya f/1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara tatu ya ile ya f/3.3. Sensa, yaani kipande cha ndani kinachopokea picha, nayo iwe ya inchi 1, yenye eneo kama mara nne ya sensa za kamera ndogo za kawaida.

Chaguo langu la kwanza ni Sony RX100 VA, iliyotoka 2018. Ina pointi 315 za kufokasi, inapiga hadi picha 24 kwa sekunde, na lenzi yake ni f/1.8 hadi 2.8. Mtoto akija mbio kuelekea kwako, inamfuata. Udhaifu wake ni betri, kama picha 220 kwa chaji moja, basi nunua ya pili siku hiyohiyo.

Ya pili ni RX100 VII ya 2019. Kwa kufuata jicho la mtoto inaishinda ile ya kwanza, na zumu yake inafika milimita 200, hivyo utampata hata akiwa upande wa pili wa uwanja wa shule. Nimeishusha kwa sababu lenzi yake inaanzia f/2.8, na ndani ya nyumba tofauti hiyo unaiona. Tena ni ghali.

Canon G7 X Mark II inafuata. Rangi za ngozi zetu inazitoa vizuri sana, na lenzi yake ina mwanga wa kutosha. Mtoto anayekaa au kutambaa, haina shida. Anayekuja mbio itampoteza.

Olympus TG-6 ni ya familia zinazokwenda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka. Inazama hadi mita 15, vumbi haliingii, na imetengenezwa kuhimili kuanguka kutoka mita 2.1. Ila sensa yake ni ndogo, na sebuleni jioni utaumia.

Zenye zumu kubwa na sensa ndogo, mfano Canon SX740, kwa kazi hii sikushauri kabisa.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya kuijaribu palepale. Mimi nilinunua moja Arusha kwa haraka, nikafika nyumbani nikakuta menyu yote ni Kijapani. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa hivyo, hazina lugha nyingine, kwa hiyo fungua menyu ya lugha mbele ya muuzaji. Kisha weka f/11, elekeza ukuta mweupe, piga, na uikuze picha. Vidoa vyeusi ni vumbi lililoingia ndani wakati lenzi inatoka na kurudi. Huwezi kulifuta kwa kitambaa. Lazima kamera ifunguliwe na fundi. Mwisho, mwombe kijana wa dukani aje kwako kwa hatua za haraka huku umeshikilia kitufe, halafu tazama kama macho yake yako wazi, bila ukungu, kwenye kila picha.

Nyumbani, weka S (kwenye Canon ni Tv), ambapo wewe unachagua kasi ya shata, 1/500, ISO otomatiki ili kamera yenyewe ipange wepesi wake wa kuhisi mwanga, na fokasi endelevu, inayomfuata mtoto anapokwenda. Halafu chuchumaa hadi lenzi iwe sawa na uso wake, ubonyeze kitufe nusu kabla hajaanza mbio.