Uzoefu wangu na kozi ya kusimamia kulungu Uskoti: darasani safi, mlimani wameniudhi

Jina la kampuni silitaji kwa sababu bado tunaandikiana. Ila kama na wewe umechoka na kazi ya mezani, unataka kwenda kusimamia kulungu kwenye mashamba makubwa ya Nyanda za Juu za Uskoti, na umeona kifurushi kinachoahidi "siku ya mlimani na mtaalamu", nisome kwanza kabla hujalipa. Nina hasira. Pesa nazo ni nyingi, lakini kilichonikasirisha ni ndama.

Niwape haki yao: darasa lilikuwa zuri. Tulikuwa tunajiandaa kwa DSC1, cheti cha mwanzo cha kunyatia kulungu. Sheria hailazimishi uwe nacho ndipo uwinde, lakini ukiomba kazi shambani bila hicho hutazamwi mara mbili. Mwalimu aliijua kazi yake. Alitueleza kwamba mbwamwitu walitoweka Uskoti karne nyingi zilizopita, hivyo aliyebaki wa kuwapunguza kulungu wakubwa ni binadamu mwenye bunduki. Wakizidi, wanatafuna miche ya misonobari na mibetula kabla haijafika hata magotini, na msitu unazeeka bila kuacha watoto. Alitueleza pia kwa nini Oktoba 2023 Uskoti ilifuta msimu wa kuwapumzisha madume, yaani miezi ya kutowawinda, lakini majike wakaachiwa wa kwao: ukimuua jike wakati wowote unaotaka, kuna mtoto nyuma yake.

Hapo ndipo alipotupa kanuni ambayo sitaisahau. Ndama kwanza. Jike akiwa na ndama anayemtegemea, na umeamua kuwapunguza, unaanza na ndama, kisha mama, ambaye mara nyingi husita akimtafuta mwanawe. Ukianza na mama ndama akakukimbia, umemwachia njaa na baridi zimmalize polepole. Alisema hayo akigonga meza kwa kidole, na mimi nikajisemea moyoni, huyu ndiye mtu wa kunifundisha.

Basi ikafika siku ya mlimani, katikati ya majira ya baridi. Asubuhi nakuta kwenye gari kuna mtu wa pili. Si mwanafunzi. Ni mgeni aliyelipia kuwinda. Hakuna aliyeniambia. Nikanyamaza, nikidhani labda atakuwa na zamu yake na mimi yangu.

Tulipanda muda mrefu, upepo ukitupiga usoni kama inavyotakiwa, kisha tukalala kifudifudi tukaanza kutambaa kwenye matope meusi ya mboji. Maji yaliingia kwa mikono ya koti yakatokea kiunoni. Tulipochungulia, chini yetu kulikuwa na kundi dogo la majike. Nikashika darubini. Mmoja alikuwa peke yake pembeni, hana ndama wa kumfuata, mgongo umechongoka, jike wa kupunguzwa kabisa. Nikamnong'oneza mwalimu. Akaitikia kwa kichwa, akaifungua bunduki kwenye mfuko wake. Nikanyosha mkono.

Akaipitisha mbele ya uso wangu, akampa mgeni.

Na mgeni hakumlenga yule wa pembeni. Alimpiga jike mnene wa katikati, aliyekuwa na ndama ubavuni. Mama akaanguka palepale. Ndama akakimbia hatua kadhaa, akasimama, akageuka. Mgeni bado anahangaika kuingiza risasi ya pili. Ndama akapanda hadi juu ya ukingo wa mlima, na hapo humpigi, kwa sababu hujui nyuma ya upeo kuna nani. Akapotea.

Nikasema, tusubiri, atarudi kwa mama yake. Mwalimu hata hakuniangalia. "Wewe umekuja kutazama," akasema, kisha akaanza kumpongeza mgeni kwa kumpa mkono. Yuleyule wa kugonga meza! Kumbe kanuni ni ya wanafunzi, mwenye pesa haimhusu. Nimewahi kufokewa na mabosi wengi, lakini hakuna neno lililoniingia kama hilo.

Wakati huo ningewapa nyota moja, na ningewaomba wenye mtandao waweke sifuri.

Lakini lazima niseme na habari ya chumba cha nyama, vinginevyo nitakuwa mwongo. Jioni tulimkuta pale mzee wa shamba, mwajiriwa wa mwenye ardhi, wala si wa kampuni ya kozi. Alinipa kisu bila kuniuliza ninatoka wapi wala nimelipa shilingi ngapi. Akanionyesha tezi za limfu, moja baada ya nyingine: uzipapase, uzikate, utazame kama zimevimba au zina usaha, kwa sababu nyama hii inaenda kuliwa na watu. Nilipokosea pembe ya kisu alinishika kiwiko akanirekebisha. Kisha akatazama kiwele cha yule jike, akakiminya. Maziwa yakatoka. Akauliza: "Ndama wake yuko wapi?"

Mwalimu akawa anakunja kamba. Nikajibu mimi.

Mzee hakusema kitu. Alitazama saa ya ukutani, maana kisheria saa moja baada ya jua kuzama ndiyo mwisho wa kupiga, akauliza ni ukingo upi, akachukua bunduki yake akaondoka na gari la magurudumu manane. Alirudi na ndama. Alimkuta akizunguka palepale mama yake alipoangukia.

Sasa nieleweke. Tungesubiri kidogo tu, tumelala pale kimya, kazi ingekwisha vizuri. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ilihitaji subira tu, na mgeni alikuwa anasikia baridi.

Je, nimeacha mpango wa kubadili kazi? Hapana. Yule mzee amenifanya niitake zaidi, na darasa lao, nasema tena, ningelilipia hata kesho. Hata nilifika mahali nikasema niwape nyota tatu. Kisha likaja jibu la barua yangu ya malalamiko: wanasikitika kwamba siku yangu "haikukidhi matarajio", wananipa punguzo la siku nyingine ya mlimani, na mwalimu ni yuleyule. Neno ndama halimo kwenye barua nzima. Nyota moja, na sibadilishi.

Ukitaka kwenda kwao, soma darasa ukafanye mtihani, basi. Ya mlimani tafuta shamba lenyewe, uongee na anayeishi pale na kulungu wake. Na popote utakapolipa, uliza kwa maandishi: siku hiyo tutakuwa nani na nani, bunduki atashika nani, na nitashuhudiwa na msimamizi aliyeidhinishwa au la? Maana cheti cha pili kinataka uwindaji wako mwenyewe, ulioshuhudiwa. Kutazama hakuhesabiwi.

Nusu ya pesa wamenirudishia. Nusu iliyobaki bado naidai.