Pumzi: Dakika 21, Kifuniko Kimoja cha Maji

Jamani, karibuni tena. Kabla hujapitisha kidole ukaenda kwingine, angalia hapa mezani kwangu. Huu ni mche wa mpapai kwenye kopo. Hiki ni kifuniko cha chupa ya maji. Nakijaza, namimina kwenye mche. Umeona? Udongo umeyanywa yote, juu pamebaki doa tu. Kaa na hilo doa akilini, tutalirudia.

Leo naongelea Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Nitaisema mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona simamisha video, nenda kaione, ni dakika 21 tu, kisha urudi. Nakusubiri.

Haya. Wiki iliyopita mtu aliniandikia kwamba nadharia ni mambo ya darasani, filamu ni burudani, tusichanganye. Ndugu yangu, nimelala na hilo neno siku tatu. Kwa sababu filamu hii bila nadharia utaona mwanamke anatembea jangwani, basi. Ukiwa nayo, unaona kitu kingine kabisa.

Kwa ufupi: Vita vya Tatu vya Dunia vimeshapita, vilikuwa vita vya maji, na sasa ni miaka 35 baadaye. Watu wanaishi ndani, wamefungiwa. Mkojo unasafishwa wanaunywa tena. Umeme unatoka kwenye miili yao, wanafanya mazoezi kwenye mashine ili taa ziwake. Ukiota ndoto, kompyuta inajua, inakuamuru umeze kidonge. Asha, anayetunza makumbusho, siku moja anapokea boksi la udongo. Halina jina la aliyetuma.

Na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Nimepatazama mara tisa, sitanii.

Mmemsikia Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na mfano wake wa pango: watu wamefungwa tangu utotoni, wanatazama vivuli ukutani, wanadhani ndiyo dunia. Mmoja anatoka, jua linamchoma macho, anaujua ukweli. Pumzi imejengwa juu ya pango hilo hilo. Wakubwa wanasema nje kumekufa, na watu wameamini. Sasa tazama Asha anaujuaje ukweli. Anaupima ule udongo kwenye mashine, mashine inasema una unyevu, hauna mionzi. Sawa. Lakini hatosheki na mashine. Anauinamia, anaunusa. Mwili wake wote unaondoka pale, anajiona majini, kuna mti.

Mtu wa Plato anaujua ukweli kwa macho. Asha anaujua kwa pua! Wewe uliyekulia kwetu unaielewa bila kuelezwa. Ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogusa vumbi, mtu anasimama mlangoni anavuta hewa, hasemi kitu. Hakuna aliyekufundisha kwamba harufu hiyo maana yake ni uhai. Kwenye makumbusho ya Asha, hiyo ndiyo hoja ya kifalsafa, na imetolewa bila mtu kufungua mdomo. Jina la filamu ni Pumzi, jamani. Kunusa ni nini kama si kuvuta pumzi?

Samahani kidogo, kabla sijasahau: kipindi cha Ijumaa kimehamia Jumamosi saa mbili usiku. Na maiki ni mpya, niambieni kama sauti imekaa vizuri.

Tuje kwenye ufeministi, yaani fikra za kutetea usawa wa wanawake. Mwaka 1975 Laura Mulvey, Mwingereza mtaalamu wa nadharia ya filamu, aliandika kwamba sinema imezoea kumtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume: kamera inampapasa kuanzia miguuni, yeye kazi yake kutazamwa. Sasa nionyeshe hapa ni wapi kamera inampapasa Asha. Amevaa nguo nyepesi, ametokwa na jasho, ana kiu, na bado kamera iko kwenye mikono yake na kile anachokishika. Jasho lake halijawekwa pale limpendezeshe mtu. Jasho ni maji, na maji yana kazi.

Ila mwisho wake… Mara ya kwanza niliupenda. Mara ya tatu uliniudhi. Asha anafukia kwenye ule udongo mbegu iliyokuwa makumbusho, inachipua. Kisha anatoroka, anavuka jangwa na mche wake, anaupanda, anaumiminia maji yake ya mwisho, anaongezea na jasho lake. Anaukinga jua kwa mwili wake. Anafia pale, mti unakua.

Mama mdogo wangu alikuwa anaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya maji. Ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Kila mtu alimsifu: mama ni dunia, mama ni ardhi. Hakuna aliyempokea ndoo. Kwa hiyo nikiona tena mwanamke anakauka ili wengine wapate kivuli, nauliza kwa nini malipo yatoke kwake tu? Mwandishi Mfaransa Françoise d'Eaubonne alipoleta neno ekofeministi mwaka 1974, alitaka tuone kwamba ardhi na mwanamke wanakamuliwa na mkono mmoja. Lakini wanaekofeministi wenyewe kwa wenyewe wamebishana: ukisema mwanamke ndiye ardhi, umemheshimu au umemfunga?

Wengi mtanitajia Mad Max: Fury Road ya 2015, filamu nyingine ya jangwa na uhaba wa maji. Kweli, kule yuko bibi mwenye mfuko wa mbegu, na mwishoni wanawake waliosalia wanarudi hai, na maji yanafunguliwa. Kwa hilo tu inaishinda Pumzi. Ila ni saa mbili, bando lako litalia. Na kiikolojia, yaani kwa jicho la mazingira, hatutazami hadithi peke yake, tunauliza pia filamu ilitengenezwaje. Ile ilipigwa kwenye jangwa la Namibia, na wanamazingira walilalamika kwamba magari yameharibu sehemu za jangwa, ingawa Tume ya Filamu ya Namibia ilikanusha.

Basi nikarudi kwenye Pumzi nikiwa bado na hasira, nikaangalia chupa ya ile mbegu. Imeandikwa Maitu. Kwa Kikuyu ni mama, na lebo inalifungua neno: ukweli wetu. Wetu, si wangu. Nikamkumbuka Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, ambaye Kahiu aliwahi kutengeneza filamu ya hali halisi kumhusu. Mwaka 1977 Maathai alianzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, na walioibeba ni wanawake wa vijijini, wengi, kila mmoja na miche yake. Hata Nobeli ya Amani aliyopata 2004, nyuma yake kulikuwa na mikono hiyo yote.

Sasa lile doa. Mnaona? Limeshakauka, na tumeongea dakika chache tu. Kifuniko kimoja hakikuzi mti, na Asha, mtunza makumbusho, analijua hilo. Anamimina hata hivyo, kwa sababu udongo ule ulitoka mahali, na kuna mtu aliuchota, akaufunga kwenye boksi, akauleta mpaka mezani kwake. Filamu haimtaji kabisa.

Mimi naamini ni mwanamke, na naamini yu hai huko nje. Wewe unadhani ni nani? Niandikie hapo chini, Jumamosi nitasoma majibu yenu moja moja.