Siku nne Utende: nyumba ya wageni katika funguvisiwa la Mafia

Anayekwenda Mafia kwa njia ya bahari hupandia Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, na kushukia Kilindoni. Sisi tulichagua ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, ambayo haikuchukua hata saa moja. Nyumba tuliyofikia ipo Utende, mkabala na kisiwa cha Chole. Vyumba ni safi, vyandarua havina matundu, na samaki wa kupaka aliyeandaliwa usiku wa kwanza angetosha kunirudisha.

Safari ya mashua kwenda Chole na Juani ndiyo iliyonigusa zaidi, kwani nahodha, mzaliwa wa huko, alituongoza taratibu kati ya magofu ya Kua, ambayo mizizi ya miti imeyakumbatia, kisha akatusubirisha Chole hadi jioni ili tuwaone popo wakubwa wanaokula matunda wakiruka kutoka mitini.

Kasoro ipo. Hatukuelezwa mapema kwamba ada ya Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, hutozwa kila siku na haimo katika bei ya chumba. Vilevile, papa potwe, ambao msimu wao ni kati ya Oktoba na Machi, huonekana upande wa Kilindoni, hivyo gari la kwenda na kurudi lilikuwa gharama nyingine. Ulizeni mambo hayo mawili kabla ya kulipa, na mbebe fedha taslimu.