Meko ya ukutani kwenye chumba kidogo cha kulia: tumbo limekubali, dohani bado

Mgahawa una chumba kimoja cha kulia, mita 3.2 kwa 4, ndani ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja. Mwenyewe alitaka moto unaoonekana: pweza na changu wachomwe mbele ya wageni, na usiku wa kipupwe chumba kipate joto kidogo. Waashi wakamjengea meko ya ukutani, mdomo wake sm 60 kwa upana na sm 50 kwa kimo, kina sm 40. Kazi hiyo tumeikagua kuanzia sakafuni mpaka juu ya paa.

Tumbo la meko, yaani sehemu ya ndani unamowaka moto, limejengwa vizuri sana, na hapo ndipo wengi huharibu. Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi asiyejua hutoboa ukuta, akapiga lipu, akawasha moto. Lakini jiwe la tumbawe ni chokaa ambayo haijachomwa tu. Aliyewahi kuona tanuu la chokaa, magogo ya minazi chini na mawe juu, anajua kinachofuata: joto likifika nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi jiwe hugeuka chokaa hai, na chokaa hai ikipata maji huvimba ikawa unga. Makaa yanayopepewa hufika joto hilo bila taabu. Moto ukizimwa, unyevu wa masika ukaingia, uso wa ukuta huanza kumeguka vigae vyembamba. Chukua kigae kimoja ukiweke kwenye sahani, kidondoshee maji: kitachachatika na kufuka mvuke. Ukuta uliofika hapo umeshaanza kuliwa, na lipu mpya haitausaidia.

Fundi huyu hakuligusisha jiwe na moto. Ametumia matofali ya kuhimili moto ya mm 230 kwa 114 kwa 64. Kwa ukubwa huu yanatosha kama 75, ukihesabu na ya kuvunjika. Nyuma yake amepanga tofali la kawaida mpaka unene ukafika sm 20, kisha akaacha uwazi wa sm 3 kabla ya ukuta wa zamani. Uwazi huo unauzuia moto usiupikie ukuta, na unayapa matofali nafasi ya kutanuka bila kuusukuma. Viungo ni vyembamba, mm 5, vya udongo wa kuhimili moto. Simenti ya kawaida isingefaa: maji yaliyofungika ndani yake hutoka kwa joto, ikapasuka na kumomonyoka kiungo baada ya kiungo. Na akasubiri wiki tatu kabla ya moto wa kwanza, akaanza na vifuu vichache vya nazi kwa siku kadhaa. Subira hiyo tunaisifu, maana meko mabichi yakitiwa moto mkubwa hupasuliwa na mvuke wake yenyewe.

Sakafu ya mbele imekuja pungufu. Mawe yametokeza sm 30 tu. Yanatakiwa sm 40 mbele na sm 20 kila upande. Mkeka wa ukindu uliotandikwa pale uondolewe leo hii, na meza ya karibu isogezwe iwe mita moja mbali na mdomo.

Sasa dohani, yaani njia ya kutolea moshi, na hapa kazi imeanguka.

Eneo la ndani ya dohani lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Mdomo huu ni sm 60 kwa 50, yaani sentimita za mraba 3,000, kwa hiyo dohani inataka 300. Bomba la kipenyo cha sm 20 lina 314, lingetosha. Fundi ameweka la sm 15, lenye 177. Moshi unaokosa njia ya juu hurudi mezani, na mstari mweusi wa masizi juu ya mdomo ulikuwa umeshaonekana. Kama kasoro ingekuwa hii tu, dawa ya haraka ingekuwa kushusha kipande cha chuma kutoka juu ya mdomo mpaka ubaki kimo cha sm 30. Hapo eneo lingekuwa 1,800 na bomba lililopo lingekaribia kutosha. Wavu wa kuchomea bado ungeingia, ingawa mchomaji angelazimika kuinama.

Hesabu hii ina uzito zaidi kwetu kuliko nchi za baridi. Dohani huvuta kwa tofauti ya joto kati ya hewa ya ndani yake na ya nje. Nje kukiwa na nyuzi 28, mvuto wa mwanzo ni dhaifu. Washa gazeti lililokunjwa juu kwenye koo la dohani kwanza, livute, ndipo uwashe makaa.

Kosa la hatari zaidi limo darini. Bomba la bati moja tupu limepita sm 10 kutoka kwenye boriti. Bomba la aina hiyo linataka sm 45 kutoka kwenye boriti au mbao yoyote. Boriti ya mkoko iliyokauka miaka mingi ikipashwa joto kila usiku huanza kuungua ndani kwa ndani kabla hujaona moshi. Na kwa kuwa boriti zetu zimepangwa karibukaribu, nafasi ya sm 45 huipati bila kuikata moja, na kuikata ni kuiangusha dari. Kuna njia mbili: bomba la kuta mbili lenye kizuia joto kati, lililotengenezwa kwa kazi hii, au kuitoa dohani kwa upande kupitia ukuta wa mawe na kuipandisha nje. Hii ya pili hubadilisha sura ya jengo, kwa hiyo michoro ipelekwe kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Juu ya paa bomba limekomea chini ya ukingo wa ukuta wa jirani. Linatakiwa lipite paa kwa sm 90, na lizidi kwa sm 60 kitu chochote kilichomo ndani ya mita 3. Bila hivyo kusi likivuma huugonga ule ukuta na kuurudisha moshi chini. Kofia ya mvua iwe na wavu wa matundu ya mm 12 wa kuzuia cheche, hasa jirani akiwa na baraza ya makuti. Bati lenyewe halitadumu: chumvi ya bahari kwa nje, masizi yenye unyevu kwa ndani. Chuma cha pua cha daraja la 316 ni ghali lakini ndicho kinachostahimili.

Hewa nayo haikufikiriwa. Chumba kinafungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na jikoni kuna feni inayotoa hewa nje. Feni ile hushindana na dohani, na mara nyingi hushinda. Tundu la sm 15 kwa 20 litobolewe chini ya ukuta wa nje, karibu na meko, na liwekewe wavu wa panya. Pia kiwekwe king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hii ya makaa haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala.

Matofali ya tumbo yasiguswe. Bomba livunjwe lote, na moto usiwashwe tena mpaka boriti iwe salama. Fundi asimaliziwe fedha yake kabla ya jaribio hili: milango ifungwe, kiyoyozi na feni ya jikoni viwe vinafanya kazi, dohani ipashwe kwa gazeti, kisha chetezo chenye ubani kishikwe kwenye mdomo wa meko, juu kabisa na kwenye pembe zote mbili. Moshi wa ubani uingie ndani wote.