Memtest86+ huliona kosa lakini haimtaji mkosaji: tathmini baada ya kuongeza RAM

Memtest86+ ni programu ya bure inayopima kumbukumbu ya kompyuta kabla Windows haijaamka. Nimelazimika kuifahamu kwa karibu baada ya kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani ninayoitumia kupanga kurasa za vitabu na kalenda katika kiduka changu cha uchapaji hapa Dar es Salaam. Naitathmini kama mtu aliyeitumia kwa usiku kadhaa mfululizo akiwa na kazi za wateja mezani, na ambaye katika safari hiyo alimlaumu mtu asiyestahili lawama yote.

Mashine yenyewe ina prosesa ya Ryzen 5 3600, mazabodi yenye sloti nne, na RAM mbili za DDR4 (kizazi cha nne cha RAM za aina hii) za GB 8 kila moja, zilizoandikwa kasi ya 3200. GB 16 zilikuwa zinanitosha hadi nilipoanza kupokea vitabu vyenye picha nyingi, ambapo kufungua faili mbili kwa pamoja kulikuwa kunaifanya mashine ishike kichwa. Nikaenda Kariakoo kununua jozi nyingine ya GB 8 mbili, ili jumla ifike GB 32. Muuzaji aliziangalia za kwangu kwenye picha ya simu, akanihakikishia: "Mzee wangu, zako 3200, hizi 3200. Unachomeka, unawasha, umemaliza." Sikuwa na sababu ya kumbishia.

Jioni ile niliwasha na kioo kikabaki cheusi huku feni zikizunguka. Hilo halikunitisha, kwa kuwa karibu kila anayeongeza RAM hulipitia: kibao kimoja cha RAM hakikuwa kimeingia sawasawa. Sloti za mazabodi yangu zina kibano upande mmoja tu, na upande wa pili kibao hukaa kwenye mfereji bila mlio wowote, hivyo ni rahisi kudhani kimezama wakati bado kimeinuka milimita moja. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki umalizike, nikazitoa RAM zote, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, nikazirudisha kwa kukandamiza ncha zote mbili. Mashine ikawaka na kuonyesha GB 32. Nikaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, nikawasha XMP, yaani mpangilio ulioandikwa ndani ya RAM na mtengenezaji wake ili ifanye kazi kwa kasi inayotangazwa, kwa sababu bila hatua hiyo RAM nyingi za 3200 huendeshwa kwa kasi ya chini zaidi.

Matatizo halisi yalianza siku iliyofuata, na yalikuja kimyakimya. Faili la zipu ambalo mteja alikuwa amelifungua kwake bila shida lilikataa kufunguka kwangu, likidai limeharibika. Nililipakua upya, likafunguka. Picha moja ya jalada ilitoka ikiwa na mstari wa kijani uliokatiza shavu la mtoto, na mstari huo haukuwemo kwenye picha ya awali. Siku ya tatu skrini ya buluu, ile ambayo Windows huonyesha inapoanguka, ilitokea mara mbili, moja ikiwa na maneno MEMORY_MANAGEMENT na nyingine ikiwa na sababu tofauti kabisa. Kubadilikabadilika huko kwa sababu ni dalili inayojulikana: programu moja ikiharibika, kwa kawaida hulalamika jambo lilelile kila mara, ilhali kumbukumbu ikiyumba, kila programu hulalamika kwa lugha yake. Kilichonitia hofu zaidi ya skrini ya buluu ni ule mstari wa kijani. Mashine ikizima ghafla unapoteza dakika kumi. Mashine ikibadilisha data bila kusema, unachapisha kalenda elfu moja zenye kasoro.

Nilianza na kipimo kilichomo ndani ya Windows, kinachoitwa kwa kuandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Kilifanya kazi yake kwa kiwango cha kawaida, mashine ikajiwasha upya, na taarifa ikasema hakuna kosa. Kuna kiwango kirefu zaidi ambacho hupatikana kwa kubonyeza F1 wakati kipimo kinaendelea, na wengi hatukijui kwa sababu hakuna anayeketi kusoma maandishi yale. Sikukitumia. Nikaamua kwenda moja kwa moja kwenye Memtest86+.

Programu hii ina ukoo mrefu. Memtest86 ya awali iliandikwa na Chris Brady katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 Samuel Demeulemeester akaanzisha tawi lililoongezewa alama ya kujumlisha. Na toleo la 6.00 la mwaka 2022 liliundwa upya likichukua kazi ya Martin Whitaker iliyoitwa PCMemTest, na ndipo likaanza kuwaka kwenye mashine za UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, na kuitambua DDR5, kizazi cha RAM kinachofuata DDR4. Jina lililobaki bila alama hiyo, MemTest86, sasa ni bidhaa ya kampuni ya PassMark, yenye toleo la bure na la kulipia. Ndugu hawa wawili huchanganywa kila siku, hata na mafundi, na nitarudi kwenye tofauti yao.

Kuiandaa ni kazi ya dakika chache. Unapakua faili dogo, unaliweka kwenye flashi kwa kisakinishi chake chenyewe, kisha unawasha mashine kupitia flashi hiyo. Kikwazo kilichonisumbua ni kwamba nilipaswa kwanza kuzima Secure Boot kwenye BIOS, yaani kinga inayoruhusu mashine kuwashwa na programu zilizotiwa saini tu. Mwenye Windows iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, ahakikishe ana ufunguo wake wa kurejeshea kabla ya kugusa mpangilio huo, la sivyo anaweza kutoka kwenye tatizo la RAM na kuingia kwenye tatizo kubwa zaidi la kufungiwa nje ya faili zake.

Skrini yake ni ya buluu yenye maandishi matupu, inayomkumbusha mtu kompyuta za zamani, lakini taarifa zake ni za maana: aina ya prosesa, idadi ya viini vinavyofanya kazi, kasi ya RAM, na kwa chini orodha ya vibao vilivyochomekwa pamoja na ukubwa na aina yake. Orodha hiyo peke yake ina thamani, maana ukinunua kibao kilichobandikwa stika ya uongo, hapo utaona kinajitambulishaje. Majaribio yako zaidi ya kumi. Mengine huandika ruwaza na kuisoma tena, mengine huhamisha mafungu ya data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine, na la mwisho huandika, husubiri dakika kadhaa, kisha huangalia kama kilichoandikwa bado kipo. Mzunguko wa kwanza umefupishwa makusudi ili makosa ya wazi yaonekane mapema, na hivyo mtu anayezima mashine baada ya mzunguko huo mmoja, akifurahia neno PASS lililoandikwa kwa herufi kubwa, hajapima kwa ukamilifu.

Kwangu mzunguko wa kwanza ulipita safi. Wa pili, kwenye jaribio la kuhamisha mafungu, mistari myekundu ikaanza kushuka. Kila mstari ulionyesha anwani ya kumbukumbu, thamani iliyotarajiwa na thamani iliyokutwa. Programu haiandiki ripoti kwenye flashi, basi nikapiga picha kwa simu, na asubuhi nikaenda nayo Kariakoo nikiwa na hasira ya mtu mwenye ushahidi.

Muuzaji hakubishana. Alizichomeka RAM mbili nilizonunua kwenye mashine yake, akachomeka flashi yangu, tukaketi. Baada ya zaidi ya saa moja hakukuwa na mstari hata mmoja mwekundu. "Mzee, hizi nzima kabisa. Angalia zako za zamani." Niliondoka nikiamini kwamba anakwepa.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa Memtest86+ unapojitokeza, ingawa sehemu nyingine ya lawama ni yangu niliyeisoma vibaya. Mstari mwekundu husema kwamba thamani iliyoandikwa mahali fulani haikurudi ilivyokuwa. Hausemi ni kibao kipi, wala hausemi kama kosa ni la kibao, sloti, prosesa, volti au kasi. Kwa kuwa kumbukumbu ya njia mbili hugawanya data kati ya vibao, huwezi kuangalia anwani na kusema hiki ni kibao cha tatu. Kipo kipimo, lakini uchunguzi unabaki kuwa wa mtu.

Nikafanya uchunguzi huo kwa usiku tatu, nikiwa nimeichomeka mashine kwenye UPS, kwani umeme ukikatika saa ya nne ya kipimo unaanza upya. Nilipima kila kibao peke yake katika sloti ileile moja: vyote vinne vikapita. Nikachukua kibao kimoja kilichopita nikakizungusha katika sloti zote nne: zikapita. Nikapima jozi ya zamani pamoja, kisha jozi mpya pamoja, katika sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa kama mazabodi inavyoelekeza: zikapita. Nikaweka vyote vinne: makosa. Kwa maneno mengine, hapakuwa na kibao kibovu hata kimoja wala sloti mbovu.

Jibu lilikuwa kwenye maelezo ya AMD yenyewe kuhusu kizazi hicho cha Ryzen, na ningelisoma kabla ya kununua ningeokoa wiki. Kasi ya 3200 imehakikishwa kwa vibao viwili. Ukijaza sloti zote nne kwa vibao vya safu moja (safu ni kundi la chipu zinazofanya kazi kwa pamoja), kasi rasmi hushuka hadi 2933. Ukizijaza kwa vibao vya safu mbili, hushuka hadi 2667. Stika za jozi mpya zilikuwa na maandishi 2Rx8, ambapo 2R maana yake ni safu mbili, na zile za zamani zilikuwa na chipu nane kila upande, jambo ambalo kwa kawaida huashiria hivyohivyo. Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, na kila safu inayoongezwa ni mzigo zaidi kwenye nyaya zilezile; nilikuwa nimekitwisha mzigo mara mbili na bado nikikidai mbio zilezile. Niliingia BIOS, nikaishusha kasi hadi 2666, yaani ileile 2667, kwa mkono, nikaacha Memtest86+ ikikesha. Asubuhi: kosa sifuri. Usiku uliofuata: sifuri. Katika kazi ya kupanga kurasa sijahisi upungufu wowote wa kasi, ila nimehisi sana zile GB 32.

Je, MemTest86 ya PassMark ingekuwa bora? Kwa mwenye mashine ambayo hawezi kuizima Secure Boot, ndiyo, kwa sababu imetiwa saini na huwaka bila kubadilisha mpangilio huo, na sura yake ni ya kisasa zaidi. Lakini toleo lake la bure lina kikomo cha mizunguko minne, wakati Memtest86+ huendelea hadi uisimamishe mwenyewe. Kwa tatizo kama langu, lililojitokeza mara nyingine mzunguko wa pili na mara nyingine wa tano, kikomo hicho kingenidanganya. Upendeleo wangu uko wazi.

Kuna matatizo ambayo programu hii haiwezi kuyagusa, nayo ni yale ambayo mashine haiwaki kabisa. La hatari zaidi sokoni ni RAM za seva. DDR4 ya seva aina ya RDIMM ina pini 288 sawa na ya kawaida, pengo lake liko mahali palepale, inaingia kwenye sloti bila kulazimishwa, na mara nyingi huuzwa rahisi. Ila kompyuta ya kawaida ya mezani haitawaka nayo. Ukiona kwenye stika, baada ya namba za kasi, herufi R badala ya U, irudishe kabla hujatoka dukani. Kwa wenye DDR5 jambo ni kinyume: mara ya kwanza baada ya kuongeza RAM, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa mashine ikijifunza kumbukumbu mpya, na wapo wanaoizima katikati kwa kudhani imekufa.

Kama chombo, naipa Memtest86+ alama nane kwa kumi. Nimepunguza mbili kwa kutohifadhi ripoti na kwa kuniacha nibahatishe mkosaji ni nani, jambo ambalo sentensi moja ya onyo kwenye skrini ingelipunguza.

Duka nalo nilirudi. Nilimweleza muuzaji kwamba RAM zake zilikuwa nzima kama alivyosema, lakini ile ahadi ya kuchomeka na kuwasha haikuwa sahihi kwa sloti nne, na nikamwonyesha maandishi ya 2Rx8 kwenye bidhaa zake mwenyewe. Aliyasoma kwa muda, akageuza vibao vingine vitatu vilivyokuwa kwenye kioo cha kaunta kuangalia vimeandikwaje, kisha akaniuliza kama naweza kumwachia ile flashi. Nilimwachia.